Nani Anasema? Kauli Mashuhuri za Rider Haggard na Jina Lake katika Kiswahili

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuta nakala kuukuu ya Mashimo ya Mfalme Sulemani katika kabati la vitabu la shule moja hapa Isiolo. Jalada lilikuwa limeng'oka na kurasa kadhaa zilikuwa zimeliwa na mchwa. Niliipeleka katika darasa la kidato cha tatu kwa nia ndogo tu, kwamba wanafunzi wapate zoezi la kusoma kwa sauti. Pale kurasa zilipokosekana niliwafasiria mwenyewe kutoka kitabu cha Kiingereza.

Haikupita hata wiki ya pili darasa likagawanyika. Upande mmoja ulishikilia kwamba mwandishi huyu alikuwa rafiki wa Mwafrika, kwa sababu "amesema" kuwa wapo Waafrika walio waungwana kuliko baadhi ya Wazungu. Upande wa pili ulishikilia kwamba alikuwa adui, kwa sababu "amesema" kuwa mweusi na mweupe hawapatani kama jua lisivyopatana na giza. Kila upande ulikuwa na ukurasa wake wa kuonyesha. Ndipo msichana mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, akainua mkono na kuuliza, "Lakini mwalimu, hayo ni maneno ya nani?"

Swali hilo lilinigusa mimi kuliko lilivyowagusa wanafunzi. Kwa miaka mingi nilikuwa nimezoea kuandika ubaoni "Mwandishi anasema...", kisha nikanukuu maneno ya mhusika. Wanafunzi wangu waliyachukua maneno hayo hadi kwenye mtihani wa majaribio, wakaulizwa muktadha wa dondoo, wakajibu kuwa msemaji ni mwandishi. Alama zikapotea. Kosa lilikuwa langu.

Makala haya yanakusudia kufafanua jambo moja: kauli inayokumbukwa kutoka katika riwaya ina mwenyewe, na mwenyewe huyo mara nyingi si mwandishi. Mfano tutakaoutumia ni Rider Haggard, mwandishi Mwingereza wa enzi ya Malkia Victoria ambaye jina lake lilifika katika Kiswahili mapema kuliko wengi wa wenzake. Vitabu vyake si vitabu teule vya KCSE, na mtahiniwa hatavikuta katika karatasi ya tatu. Hata hivyo, stadi tutakayoijenga hapa ni ile ile inayohitajika katika Utengano, Kidagaa Kimemwozea, Chozi la Heri au Nguu za Jadi.

Mwandishi na zama zake

Henry Rider Haggard alizaliwa tarehe 22 Juni 1856 katika jimbo la Norfolk, Uingereza. Mwaka 1875, akiwa na umri wa miaka 19, alipelekwa Natal, kusini mwa Afrika, kufanya kazi katika ofisi ya gavana. Mwaka 1877 Uingereza ilipoitwaa nchi ya Transvaal, kijana huyu alikuwa miongoni mwa waliopandisha bendera mjini Pretoria. Kwa hivyo alikuwa mtumishi wa himaya kabla ya kuwa mtunzi. Mhakiki hapaswi kulisahau jambo hilo, lakini pia hapaswi kulifanya jibu la kila swali.

Alirudi Uingereza mwaka 1881, akasomea sheria. Inasimuliwa kwamba siku moja aliwekeana dau la shilingi tano na ndugu yake, kuwa anaweza kuandika hadithi ya kusisimua inayokaribia Treasure Island ya Robert Louis Stevenson. Katika muda wa wiki chache akaandika King Solomon's Mines, kilichochapishwa Septemba 1885. Mabango yaliyobandikwa mjini London yalikitangaza kwa majigambo makubwa, na katika mwaka wa kwanza zikauzwa nakala zaidi ya 30,000. Mwaka 1887 zikafuata She na Allan Quatermain. Alitunukiwa cheo cha heshima cha "Sir" mwaka 1912, akafariki tarehe 14 Mei 1925.

Allan Quatermain ina uhusiano wa karibu na nchi yetu. Ndugu yake mwandishi, Jack Haggard, alihudumu Lamu katika miaka ya 1880 kama naibu wa balozi mdogo wa Uingereza. Mwandishi pia alisoma maelezo ya msafiri Joseph Thomson kuhusu safari yake katika nchi ya Wamaasai, yaliyochapishwa mwaka 1885. Kutokana na hayo alijenga riwaya ambamo wahusika wanaanzia Lamu, wanapanda mto Tana kwa mitumbwi, wanapigana na Wamaasai, wanafika Mlima Kenya, kisha wanaelekea kaskazini katika nchi ya kubuni iitwayo Zu-Vendis. Ukiifuata njia hiyo katika ramani utaona kuwa inaelekea pande zetu. Mlima anaousimulia ndio huo huo tunaouona kutoka Isiolo asubuhi wingu linapoondoka. Yeye mwenyewe, alipoandika, hakuwa amepanda mto Tana wala kuukaribia mlima huo.

Safari ya kitabu hadi Kiswahili

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, ambaye kazi yake ya kamusi ilizaa kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1939, baada ya yeye kufariki.

Johnson huyu ndiye aliyetafsiri Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyochapishwa mwaka 1929. Baadaye, katika miaka ya 1930, alileta pia hadithi ya Allan Quatermain. Shule zilihitaji vitabu vya kusoma katika lugha hiyo sanifu, na riwaya za nathari zilizochapishwa kwa Kiswahili zilikuwa haba sana. Tafsiri za hadithi za Kiingereza zikajaza pengo. Kisiwa chenye Hazina, yaani ile Treasure Island iliyoleta dau la shilingi tano, nayo ikatafsiriwa wakati huo huo. Vitabu viwili vilivyoshindana Uingereza vikakutana tena katika madawati ya shule zetu.

Tuangalie neno moja tu la jina la kitabu. Leo tungetarajia "migodi" au "machimbo". Mfasiri alichagua "mashimo". Shimo ni mahali penye giza, mahali mtu anapoweza kutumbukia, na methali zetu zinalijua vizuri: mchimba kisima hungia mwenyewe. Jina la Kiswahili kwa hivyo lina kitisho ambacho neno "mgodi" halina, kwani mgodi hutukumbusha kazi na mshahara. Hapa tunaona kwamba katika kitabu kilichotafsiriwa pana mtu wa tatu anayesema pamoja na mhusika na mwandishi, naye ni mfasiri. Mwanafunzi anayesoma tafsiri amsikilize huyo pia.

Kauli nne na wenyewe

Tuzichambue sasa kauli nne zinazokumbukwa zaidi kutoka katika riwaya hizo mbili. Nitaeleza maana yake kwa maneno yangu badala ya kunukuu, ili tuangalie zaidi nani anasema na kwa nini.

(a) Kauli kuhusu uungwana

Mwanzoni mwa King Solomon's Mines, msimulizi Allan Quatermain anajiuliza muungwana ni mtu wa namna gani. Anakiri kuwa amewajua wenyeji wa Afrika walio waungwana, na amewajua Wazungu wenye fedha nyingi wasiostahili jina hilo. Anakataa hata kutumia neno la dharau ambalo Wazungu wenzake waliwaitia Waafrika.

Nani anasema? Ni mwindaji wa tembo mwenye umri wa miaka 55, aliyejeruhiwa mguu, anayeandika akiwa Natal ili mwanawe Harry, anayesomea udaktari London, apate kitu cha kusoma. Anamwambia nani? Mwanawe, na nyuma ya mwanawe vijana wa Kiingereza. Katika hali gani? Anajitambulisha kwa msomaji na anataka aaminiwe. Kauli hii basi inafanya kazi mbili. Inaeleza wazo kuhusu utu, na wakati huo huo inamjenga msimulizi kuwa mtu mwadilifu ambaye ushahidi wake tuukubali katika kurasa zitakazofuata. Upande wa kwanza wa darasa langu uliiona kazi ya kwanza tu.

Mwalimu anaweza kuongeza hapa jambo la lugha. Katika jamii ya Waswahili neno "muungwana" lilikuwa kinyume cha "mtumwa" kabla halijawa neno la tabia njema. Hivyo mjadala wa nani ni muungwana, ukiletwa katika Kiswahili, unagusa historia ambayo Quatermain hakuifikiria.

(b) Kauli ya Foulata

Foulata ni msichana wa nchi ya Wakukuana aliyeokolewa asitolewe kafara. Anamuuguza Kapteni Good na kumpenda. Katika njia ya kuingilia chumba cha hazina anachomwa kisu na ajuza Gagool. Akiwa katika kukata roho anaomba ujumbe umfikie Good kwamba anampenda, na kwamba anafurahi kufa kwa kuwa mweusi na mweupe hawawezi kuungana, kama vile jua na giza.

Nani anasema? Wanafunzi wa upande wa pili walijibu kuwa ni mwandishi. Si yeye, ni msichana anayekufa. Hata hivyo, tusiishie hapo. Foulata anasema kwa lugha yake, na Quatermain ndiye mkalimani wake kwa Good. Quatermain huyo huyo ndiye anayetuandikia. Baadaye kidogo, akitoa maoni yake mwenyewe, anasema kwamba kifo cha msichana huyo kilikuwa afadhali, kwa sababu kingeepusha matatizo. Sasa tunaona jambo. Fikra iliyomfaa msimulizi, na iliyowafaa wasomaji wengi wa Kiingereza wa wakati ule, imetiwa katika kinywa cha yule anayeumizwa nayo. Anayekataliwa ndiye anayetumwa kuutangaza ukataaji wake, na kwa furaha.

Hapa ndipo mhakiki anaweza kumlaumu mwandishi kwa haki. Hamlaumu kwa kuwa "amesema" maneno hayo, bali kwa namna alivyoyagawa: nani apewe, wakati gani, na hadithi iende wapi baada yake. Huo ndio uhakiki. Kusema tu kwamba mwandishi ni mbaguzi, bila kuonyesha njia hiyo, ni kutoa hukumu bila ushahidi.

(c) Kauli ya Ignosi

Umbopa, ambaye alisafiri na Wazungu kama mtumishi, anatambulikana kuwa ni Ignosi, mfalme halali. Anamshinda Twala na kurudishiwa kiti chake. Wakati wa kuagana anawaambia rafiki zake kwamba hatawaruhusu tena Wazungu wengine kuingia nchini mwake. Hataki wafanyabiashara wenye bunduki na pombe, wala wahubiri. Hao watatu pekee ndio watakaokaribishwa daima.

Kauli hii hutolewa na mfalme, kwa rafiki, katika saa ya ushindi. Hapingwi na yeyote kwa hoja ya maana, na riwaya inaisha bila kumwadhibu kwa msimamo wake. Mwandishi aliyepandisha bendera Pretoria amempa mfalme Mwafrika nafasi ya kuikataa himaya. Je, aliamini hivyo? Hatuwezi kusema kwa kauli moja. Tunachoweza kusema ni kwamba ndani ya hadithi kauli hiyo ina uzito, kwa sababu ya cheo cha msemaji na mahali ilipowekwa.

Ushahidi mwingine umo katika mwisho wa Allan Quatermain. Huko Sir Henry Curtis, Mwingereza aliyemwoa malkia wa Zu-Vendis, anaamua vivyo hivyo kuwazuia wageni wasiingie katika nchi hiyo. Mfalme mweusi na mtawala mweupe wanasema jambo moja. Mtahiniwa anayeziweka kauli hizi mbili pamoja anafanya kazi ya fasihi linganishi, na hoja yake ina nguvu kuliko ya anayetegemea kauli moja.

(d) Kauli kuhusu ustaarabu

Kauli ya nne ndiyo inayotajwa mara nyingi zaidi mtu anapotaka kumsifu Haggard kwa hekima. Katika utangulizi wa Allan Quatermain msimulizi anadai kuwa tofauti kati ya mtu aitwaye mstaarabu na mtu aitwaye mshenzi ni ndogo mno. Kwake, ustaarabu ni kama rangi nyembamba iliyopakwa juu, na chini yake binadamu ni yule yule.

Maneno haya yakitolewa peke yake yanasikika kama falsafa ya usawa. Tuyarudishe mahali pake. Msimulizi amefiwa. Mwanawe Harry, yule aliyeandikiwa kitabu cha kwanza, ameshikwa na ndui akafa. Baba anakaa katika nyumba yake Uingereza, amechoka na adabu za watu wa tabaka lake, anatamani kurudi nyikani. Kwa hivyo anayesema ni mfiwa anayetafuta mahali pa kupeleka huzuni yake. Anapodharau ustaarabu, anadharau maisha yasiyoweza kumfariji.

Halafu tuulize swali la mwisho: hadithi inayofuata inaithibitisha kauli hiyo au inaipinga? Kurasa chache mbele, Wamaasai wanachorwa kama viumbe wa kutisha, nao wanauawa kwa wingi alfajiri katika boma lao bila hata mmoja wao kupewa hadithi yake. Kama binadamu wote ni wamoja, mbona hawa hawana majina, wazazi wala kilio cha kufiwa? Mwanafunzi mmoja Msamburu, ambaye lugha yake ni ndugu ya lugha ya Wamaasai, aliniuliza hivyo karibu kwa maneno hayo hayo. Sikuwa na jibu la kumtetea mwandishi, wala sikulitafuta. Nilimwambia aliandike swali lake kama hoja ya insha. Alifanya hivyo, na ilikuwa insha bora ya muhula huo.

Lamu nayo ilipata haki kama hiyo. Quatermain anaielezea kama mji mchafu wenye harufu mbaya. Hasemi neno juu ya washairi wake. Lakini Muhamadi Kijuma, malenga, mwandishi wa hati na mchongaji wa Lamu, alizaliwa takriban mwaka 1855, yaani karibu rika moja na Haggard, akaishi hadi mwaka 1945 akinakili na kutunga tenzi. Watu wawili wa kalamu, wa umri mmoja: mmoja anaandika kuhusu Lamu bila kuijua, mwingine anaihifadhi fasihi yake kwa mkono. Mwalimu akifundisha habari za Haggard bila kumtaja Kijuma atakuwa amerudia kosa la Quatermain.

Jina la mwandishi: lilipanda, likashuka, likabaki

Sifa ya Haggard imepita katika mikono mingi. Kwa wasomaji wa miaka ya 1880 alikuwa bingwa wa visa vya kusisimua. Ayesha, malkia wa riwaya ya She, alipewa lakabu ya "Yule Apaswaye Kutiiwa", na lakabu hiyo ikaenea katika Kiingereza cha kila siku hata kwa watu ambao hawakuwahi kukifungua kitabu. Chanzo chake kilikuwa mwanasesere wa kutisha aliyetumiwa kuwaogofya watoto nyumbani kwa kina Haggard. Tunaona tena jinsi maneno yanavyosafiri mbali na mwenyewe.

Sinema nazo zilimtunza. King Solomon's Mines iliigizwa mwaka 1937, ambapo Paul Robeson, mwimbaji na mwanaharakati Mmarekani mweusi, alikuwa Umbopa. Ikaigizwa tena mwaka 1950, na sehemu kubwa ya picha zake zilipigwa Afrika Mashariki.

Kwa upande wa pili, wasomi wa Kiafrika walimsoma kwa jicho jingine. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, anamtaja Haggard katika Decolonising the Mind cha mwaka 1986 miongoni mwa waandishi waliojaza masomo yake ya shule wakati wa ukoloni, na kueleza jinsi masomo hayo yalivyomtoa mtoto katika ulimwengu wake na kumpeleka katika ulimwengu wa wengine. Mwaka 1968 yeye, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walikuwa wamependekeza katika chuo kikuu cha Nairobi kwamba fasihi ya Afrika iwe kitovu cha masomo. Pendekezo lao halikuwa kwamba vitabu vya kigeni vichomwe. Walitaka tuvitazame tukiwa tumesimama kwetu.

Kwa mwalimu wa Kiswahili lipo tatizo la ziada. Mashimo ya Mfalme Sulemani ilisomwa na vizazi vya wanafunzi kwa Kiswahili kitamu, na historia ya riwaya yetu haiwezi kuandikwa bila kuzitaja tafsiri za wakati huo. Kitabu kilichotudharau kilisaidia pia kuwazoeza wasomaji nathari ndefu ya Kiswahili Sanifu. Mambo yote mawili ni kweli. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ana uwezo wa kuyabeba yote mawili, mradi mwalimu asimpokonye mojawapo.

Funzo kwa mtahiniwa

Mtahiniwa mpendwa, swali la dondoo hukuuliza mara kwa mara: "Eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4)." Alama hizo nne hugawanywa kwa msemaji, msemewa, mahali na sababu. Ukiandika "mwandishi" mahali pa msemaji umepoteza alama ya kwanza, na huenda ukapoteza zinazofuata, kwa kuwa asiyemjua msemaji hawezi kumjua msemewa. Jizoeze kujiuliza maswali haya matano kwa kila kauli inayokuvutia:

1. Nani anasema? Je, ni mhusika, au ni msimulizi? Ikiwa ni msimulizi, naye ni mhusika ndani ya hadithi?
2. Anamwambia nani? Je, yupo mkalimani au mjumbe kati yao?
3. Yuko wapi na katika hali gani? Amefiwa, ameshinda, ana hofu, au anaomba kitu?
4. Nani ananufaika kauli hiyo ikiaminiwa?
5. Matukio yanayofuata yanaithibitisha kauli hiyo au yanaipinga?

Maswali matatu ya kwanza hukupa muktadha. La nne na la tano hukupa hoja za maudhui na msimamo wa mwandishi. Ni baada ya kuyajibu yote ndipo unapoweza kuandika "mwandishi anadokeza kwamba...", na hata hapo utaje ushahidi wako.

Tuchukue kauli ya Foulata kama mfano. Jibu zuri la muktadha lingekuwa hivi: "Msemaji ni Foulata. Anamwambia Quatermain ili amfikishie Kapteni Good. Wako katika njia ya kuingilia chumba cha hazina ndani ya mlima. Foulata anakata roho baada ya kuchomwa kisu na Gagool, naye anaeleza upendo wake na sababu ya kukubali kifo." Hizo ni alama nne kamili. Jibu dhaifu lingesema: "Haya ni maneno ya mwandishi anayeonyesha ubaguzi wa rangi." Hoja ya ubaguzi ina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni katika sehemu ya pili ya swali, na huhitaji kuthibitishwa kwa matukio.

Maswali ya mazoezi

1. Chagua kauli moja ya mhusika katika riwaya teule unayoisoma ambayo wanafunzi wenzako huipenda. Ijibu kwa maswali matano yaliyo hapo juu.
2. "Msimulizi wa nafsi ya kwanza si shahidi wa kuaminiwa kila wakati." Jadili ukirejelea kazi yoyote ya nathari uliyoisoma. (alama 20)
3. Linganisha kauli za wahusika wawili wanaosema jambo moja wakiwa na vyeo tofauti. Je, uzito wa kauli hizo ni sawa? (alama 10)
4. Eleza jinsi uteuzi wa neno moja katika jina la kitabu unavyoweza kubadilisha matarajio ya msomaji. (alama 6)

Hitimisho

Tumeona kwamba jina la Rider Haggard limepandishwa na kushushwa kwa kauli ambazo nyingi si zake moja kwa moja. Ni za mwindaji anayetaka kuaminiwa, msichana anayekufa, mfalme aliyeshinda na baba aliyefiwa. Yeye ndiye aliyewapa vinywa, na kwa hilo anawajibika. Kumhukumu kwa haki ni kuonyesha alivyowapa, na nani alinyimwa.

Siku hizi kauli za waandishi husambazwa kwa simu zikiwa na jina moja chini yake, bila ukurasa, bila msemaji, bila hali. Wanafunzi wetu huzipokea na kuziingiza katika insha. Mwalimu mwenzangu, kabla hujaandika tena ubaoni "Mwandishi anasema", tulia kidogo ulikumbuke swali la yule msichana wa nyuma. Mimi sijapata swali bora la kuanzia somo la riwaya. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Lakini darasani kazi yetu ni kuwaambia hao hao, hadi waweze kuuliza wenyewe.